Riwaya moja, hukumu mbili: kinachowagawa wasomaji wa hadithi za uvamizi kutoka angani

Katika *The Dark Forest*, juzuu la pili la trilojia ya Liu Cixin, mwandishi wa China, kuna sura ambayo aliyeisoma haisahau. Binadamu wameunda manowari za anga karibu 2,000. Wamezipanga safu kwa safu, kwa fahari, kwenda kukipokea chombo kilichotangulizwa na wavamizi kutoka mfumo wa nyota jirani. Chombo chenyewe ni kidogo, hakifikii ukubwa wa lori. Kina umbo la tone la maji, hakina bunduki wala kombora. Kisha kinaanza kwenda. Kinatoboa manowari ya kwanza, kinatokea upande wa pili, kinaingia ya pili, ya tatu, ya kumi, na kabla makamanda hawajaelewa kinachowapata, karibu jeshi lote la Dunia limekuwa vipande vinavyoelea gizani.

Msomaji mmoja akimaliza sura hiyo anaweka kitabu chini na kusema hajawahi kusoma vita vilivyoandikwa hivyo. Mwingine anasoma sura hiyohiyo na kulalamika kwamba watu wengi kiasi kile wamekufa, naye hakumfahamu hata mmoja wao kiasi cha kumlilia. Wa kwanza anatoa nyota tano, wa pili mbili. Ukiwasikiliza kwa haraka utadhani mmoja wao hajui kusoma. Ukiwasikiliza kwa makini utaona kwamba hawabishani juu ya kilichomo kitabuni. Wote wameona kitu kilekile. Wanachogombania ni kipi kilichostahili kupimwa.

Ugomvi huu unaandama karibu kila opera ya anga, yaani hadithi ya safari na vita vikubwa vya angani, inayohusu uvamizi, na nadhani chanzo chake kiko ndani ya utanzu wenyewe kuliko katika ladha za watu. Riwaya ya aina hii hubeba ahadi tatu kwenye jalada moja. Kama opera ya anga inaahidi ukubwa: nyota, karne, majeshi. Kama riwaya inaahidi moyo wa mtu. Kama hadithi ya uvamizi inaahidi swali la haki, yaani nani ana haki ya kuishi wapi, na nani alimpa haki hiyo. Ahadi hizi zinavutana, na ni nadra mno kitabu kimoja kuzitimiza zote kwa uzito sawa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila msomaji anafungua ukurasa wa kwanza akiwa tayari ameshika upande mmoja wa ngozi.

(Nitalazimika kueleza jinsi baadhi ya riwaya zinavyokwisha. Asiyetaka kuharibiwa utamu aweke makala hii kando, kwanza azisome.)

Vijito viwili

Hadithi za uvamizi zilikuwepo kabla hazijapanda angani. Mwaka 1871, muda mfupi baada ya Ufaransa kushindwa vitani na Prussia, afisa wa jeshi la Uingereza aitwaye George Chesney alichapisha kisa kuhusu jeshi linalozungumza Kijerumani kutua Uingereza na kuishinda. Kisa hicho kilishtua nchi, na kwa miongo kadhaa waandishi wengine walifuata nyayo zake. H. G. Wells alichukua mtindo huo na kubadilisha jambo moja tu: badala ya Wajerumani, wavamizi wakawa viumbe wa sayari ya Mirihi. *The War of the Worlds* ilitoka kwa sehemu gazetini mwaka 1897, kisha kama kitabu mwaka 1898.

Jambo hilo moja liligeuza kila kitu. Katika sura ya kwanza kabisa Wells anawakumbusha wasomaji wake yale ambayo Wazungu waliwatendea wenyeji wa Tasmania, kisiwa cha Australia, kisha anauliza kama wao wana ubavu wa kulalamika ikiwa watu wa Mirihi watawafanyia vivyo hivyo. Maneno anayoyatumia kuwahusu Watasmania yana dharau ya zama zake, na anawaeleza kana kwamba wametoweka kabisa, ilhali vizazi vyao vipo hadi leo. Hata hivyo, swali lenyewe ni kali. Riwaya iliyofungua njia kwa nyingine zote iliandikwa katika kitovu cha himaya, ikimwambia mwenye himaya: jaribu kusimama upande wa pili.

Kijito kingine kilianza katika magazeti ya bei nafuu ya Marekani. Mwaka 1928 E. E. Smith alianza kuchapisha katika *Amazing Stories* hadithi ya mwanasayansi anayeunda chombo na kutoka nje ya mfumo wa Jua. Baada yake kila mwandishi alitaka meli kubwa zaidi, silaha kali zaidi, galaksi ya mbali zaidi. Mwaka 1941 Wilson Tucker aliupa utanzu huu jina la opera ya anga, na alikusudia kuutukana, akiwalenga waliokuwa wakirudia visa vilevile vilivyochakaa. Tusi hilo baadaye likavaliwa kama beji, lakini dharau iliyolizaa haijaisha. Wapo wasomaji ambao wakiona meli ya anga kwenye jalada wameshakata hukumu.

Vijito hivi vilipokutana vilileta mgongano ambao wengi wanauhisi bila kuutaja. Katika hadithi ya uvamizi ya kale binadamu yuko chini, ardhini, amejificha kwenye magofu, hana nguvu. Katika opera ya anga binadamu yuko kwenye chumba cha kuongozea meli, anatoa amri. Woga na mamlaka ni vionjo tofauti. Aliyekuja kutafuta woga atachoshwa na mikutano ya maamiri, na aliyekuja kutafuta mikakati ya vita atamwona mkimbizi wa handakini kuwa anapoteza kurasa.

Hesabu ya umbali

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali zaidi, na ndipo napenda kukaa, kwa sababu fizikia ya jambo hili ni ya ajabu kuliko waandishi wengi wanavyothubutu kuitumia.

Nyota iliyo karibu zaidi na Jua ni Proxima Centauri. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi, yaani takribani kilomita trilioni 40. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na kinaenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kasi ya kuvuka bara zima kwa dakika chache. Kwa mwendo huo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza safari ya urefu huo. Na hiyo ni nyumba ya kwanza mtaani.

Kwa hiyo yeyote anayefika hapa na jeshi ametatua tatizo la nishati ambalo sisi hatujaligusa. Chukua tani moja ya chuma, iendeshe kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru. Mwendo huo peke yake unaipa chuma hiyo nishati ya karibu mara mbili ya bomu kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la mwaka 1961. Hakuna kilipuzi ndani yake. Ni chuma tu, inayokwenda kasi. Ustaarabu unaoweza kusafiri kati ya nyota tayari unayo silaha ya kuangamiza sayari hata kama haukukusudia kuunda hata moja, na hauna sababu ya kushusha askari wa miguu wapigane nyumba kwa nyumba.

Msomaji anayejua hesabu hii anaposoma kuhusu wavamizi wanaotua na bunduki, wanaviziwa msituni na kushindwa na kikosi cha watu kumi na wawili mashujaa, kitabu kinamfia mkononi. Msomaji asiyejali hesabu hiyo anamwona mwenzake kuwa mwenye chuki na raha za watu. Ninawaelewa wote wawili, ila nadhani wa kwanza anastahili kusikilizwa zaidi ya anavyosikilizwa. Analodai si somo la fizikia. Anadai mwandishi aeleze kwa nini adui mwenye nguvu kiasi hicho amechagua kupigana kwa njia ya kijinga.

Swali la sababu ya uvamizi ni gumu vilevile. Wavamizi wengi wa vitabuni na sinemani wanakuja kuchukua maji. Lakini Europa, mwezi mmoja wa Mshtarii, unaaminika kuficha chini ya barafu yake bahari yenye maji takribani mara mbili ya bahari zote za Dunia, na vimondo vyenye barafu vimetapakaa ukingoni mwa mfumo wa Jua bila mwenyewe. Madini nayo yamejaa kwenye asteroidi. Kuyatoa Duniani ni kazi ya ziada, maana lazima uyainue kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde ndipo yatoke kwenye mvutano wa sayari hii. Kitu cha pekee tulicho nacho ni uhai wenyewe, mabilioni ya miaka ya mageuko yasiyopatikana popote tunapopajua. Mwandishi anayewaleta wavamizi kwa ajili ya uhai huo, au kwa sababu ya hofu, au kwa kutoelewana, anapata sifa kwa wasomaji wakali ambazo mwandishi wa maji na dhahabu hazipati.

Trilojia ya Liu inavutia hapa kwa sababu inakosea na kupatia kwa wakati mmoja. Wavamizi wake wanatuma chembe za protoni zilizogeuzwa kompyuta, zije kuvuruga majaribio ya wanasayansi wetu ili fizikia yetu isisonge mbele. Msomaji mwenye ujuzi wa fizikia anatikisa kichwa, kwani hilo halifanyiki. Lakini umbali ameuheshimu. Meli za wavamizi zinahitaji zaidi ya miaka 400 kufika, na riwaya nzima inaota kutoka kwenye namba hiyo. Jamii inaishije ikijua kwamba adui yuko njiani, atafika bila shaka, lakini si wewe wala mjukuu wako atakayemwona? Watu wanazaa? Wanalipa kodi ya vita? Wanamwamini nani? Namba moja ya falaki imezaa maswali ya siasa, ya dini na ya familia. Ndiyo maana wasomaji wengi wanaisamehe ile protoni: kitabu kimevunja sheria moja, kisha kikatii nyingine kwa ukamilifu kupita kiasi.

Joe Haldeman alifanya jambo kama hilo mapema zaidi, katika *The Forever War* ya mwaka 1974. Kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu ya Einstein, anayesafiri karibu na kasi ya nuru huzeeka polepole kuliko waliobaki. Askari wa Haldeman anakwenda vitani kwa muda ambao kwake ni miezi, anarudi na kukuta miongo imepita, kisha karne. Mama amezeeka, desturi zimebadilika, hata lugha inamtoka. Mwandishi mwenyewe alikuwa amepelekwa Vietnam na kujeruhiwa huko, na mtu aliyerudi kutoka vita vyovyote anaweza kuitambua hali hiyo bila kujua mlinganyo hata mmoja. Hapa ahadi ya ukubwa na ahadi ya moyo zimeacha kuvutana. Umbali ndio ulioleta simanzi, na sijaona ushahidi ulio wazi zaidi kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Lawama ya wahusika bapa

Kila anayeipinga opera ya anga huanzia hapa: wahusika ni bapa, wanasema maneno ya kueleza mambo, hawana undani. Lawama hii ni ya kweli mara nyingi. Lakini si kila mara inagusa panapouma.

E. M. Forster, aliyewagawa wahusika kuwa bapa na duara (wenye undani na wanaobadilika) katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1927, hakusema bapa ni kosa. Alionyesha kwamba riwaya nzuri huwahitaji wote wawili. C. S. Lewis alikwenda mbali zaidi kuhusu hadithi za ajabu. Hoja yake ni kwamba mambo ya ajabu yakiwapata watu wa ajabu, ajabu inazidi kipimo, na ndiyo maana Gulliver, msafiri katika riwaya ya Jonathan Swift, ni mtu wa kawaida kabisa. Nikiongeza langu: katika riwaya inayopita karne nyingi, mhusika mkuu huenda asiwe mtu. Katika trilojia ya Liu mhusika duara ni binadamu kwa jumla. Anaogopa, anakata tamaa, anapata kiburi, anapigwa, anajifunza, anasahau alichojifunza. Ukimfuatilia huyo, ile sura ya manowari 2,000 inaumiza sana, kwa kuwa aliyeanguka ni yule aliyekuwa ametoka tu kujivuna kurasa chache nyuma. Msomaji wa nyota tano alikuwa anamfuata huyu. Msomaji wa nyota mbili alikuwa anamtafuta mtu mwenye jina.

Mpangilio wa kurasa nao unaweza kugeuza hukumu. Riwaya ya kwanza ya trilojia, *The Three-Body Problem*, ilitoka kwa sehemu katika gazeti la hadithi za kisayansi huko China mwaka 2006, ikaanza na matukio ya Mapinduzi ya Kitamaduni, msukosuko wa kisiasa ulioanzishwa na Mao. Ilipotoka kama kitabu mwaka 2008, sura hizo zilihamishiwa katikati ili zisivute macho ya wakaguzi. Msomaji wa Kichina akaanza na mtafiti aitwaye Wang Miao, anayeitwa na maafisa kuchunguza kwa nini wanasayansi wanajiua. Ken Liu alipoitafsiri kwa Kiingereza, katika toleo la mwaka 2014, alizirudisha sura hizo mwanzoni, kama mwandishi alivyotaka tangu awali. Sasa msomaji anaanza na msichana, Ye Wenjie, anayeshuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa na wanafunzi wa Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, hadi kufa.

Huyo msichana ndiye atakayekuja kujibu ujumbe kutoka angani na kuwaita wavamizi. Ukimfahamu kwanza kama jeraha, usaliti wake unauelewa hata ukiulaani. Ukikutana naye katikati ya fumbo la kipelelezi, anakuwa jibu la kitendawili. Maneno yaleyale, mtu yuleyule, lakini mmoja anaelekea uduara na mwingine unampita kama kipande cha ushahidi. Mwaka 2015 toleo la Kiingereza lilishinda Tuzo ya Hugo, tuzo mashuhuri ya hadithi za kisayansi, la kwanza kwa riwaya iliyotoka Asia, na sidhani kama mpangilio huo haukuchangia.

Kuna utetezi mmoja ninaoukataa: kwamba wahusika wa Liu wanaonekana wakavu kwa sababu tu Wachina huandika hivyo. Wasomaji wa China nao wamelalamikia jambo hilohilo, na fasihi ya Kichina ina riwaya za karne nyingi zenye watu walio hai kupita kiasi. Utetezi huo unalipunguza taifa zima ili kumwokoa mwandishi mmoja ambaye hahitaji kuokolewa hivyo.

Kisha kuna lawama ya wanawake. Katika juzuu la pili Luo Ji, aliyepewa mamlaka makubwa ya kuiokoa Dunia, anamwelezea mwanamke aliyemuumba akilini mwake, na serikali inamtafuta mwanamke anayefanana naye na kumleta. Anatabasamu, anapendwa, anaondoka akitakiwa kuondoka. Katika juzuu la tatu Cheng Xin anafanya maamuzi ya huruma, na kila mara huruma yake inaigharimu Dunia, hadi wasomaji wengi wakamchukia mhusika huyo kuliko wavamizi wenyewe. Hapa hoja ya ukubwa haisaidii hata kidogo. Karne nne na miaka ya nuru 4 hazimzuii mwandishi kumpa mwanamke mmoja tamaa yake mwenyewe. Msomaji anayelisema hili hajakosa kuelewa utanzu. Ameuelewa, na bado anadai haki yake.

Adui ni nani

Ahadi ya tatu ndiyo inayofanya watu wanaopendana waache kuzungumza. Mwaka 1959 Robert Heinlein, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani, alichapisha *Starship Troopers*. Maadui wake wanafanana na wadudu, wana akili ya pamoja, hawana sura inayoweza kutambulika. Katika jamii ya binadamu ya kitabu hicho haki ya kupiga kura ni ya waliojitolea kutumikia tu. Mwaka uliofuata kilishinda Hugo, na tangu hapo hakijaacha kugawa watu. Wapo wanaosoma humo heshima kwa askari wa kawaida, na wapo wanaosoma sifa kwa utawala wa kijeshi. Kinachowagawa zaidi, kwa maoni yangu, ni uso wa adui. Mdudu hana mjane. Ukishamfanya adui asiye na mjane, vita vyako vimetakaswa kabla risasi ya kwanza haijatoka, na msomaji anayetoka katika nchi iliyowahi kuitwa ya wadudu au ya washenzi ana sababu ya kusita. Katika riwaya ya Haldeman, ambayo wengi wanaisoma kama jibu kwa hiyo, vita vya zaidi ya miaka elfu vinagunduliwa mwishoni kuwa vilianza kwa kutoelewana.

Liu anachukua njia nyingine tena. Wavamizi wake hawana ubaya wa pekee. Wana hofu, na sayari yao inaangamia. Kutoka hapo anajenga nadharia ya msitu wa giza. Kila ustaarabu unataka kuishi kwanza. Kila ustaarabu unakua, ila maada ya ulimwengu haiongezeki. Hakuna anayeweza kuwa na hakika juu ya nia ya mwenzake aliye mbali kwa miaka ya nuru, na aliye dhaifu leo anaweza kuruka kiteknolojia kesho akamzidi. Hivyo anayesikika anauawa, na wenye akili wote wananyamaza. Ni jibu la kutisha kwa swali ambalo mwanafizikia Enrico Fermi aliliuliza mwaka 1950: kama wapo, mbona hatuwaoni?

Wasomaji wengine wameipokea nadharia hii kama ukweli uliofichuliwa. Wengine wanaiona kuwa siasa ya mataifa yanayoogopana iliyovalishwa joho la sayansi. Mimi naiona ina nguvu kama hadithi na udhaifu kama sayansi. Udhaifu ni huu: inadhani kujificha kunawezekana. Hewa ya Dunia imekuwa na oksijeni inayotokana na uhai kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, na yeyote mwenye darubini nzuri ya kupima hewa za sayari za mbali angeweza kuigundua muda wote huo, kabla redio haijavumbuliwa na kabla mwanadamu hajakuwepo. Kama msitu una wawindaji, walituona zamani sana. Bado siwezi kuwaambia watu wasiipende. Stephen Hawking mwenyewe alionya mwaka 2010 kwamba kukutana na wageni kunaweza kutupata kama kuwasili kwa Columbus kulivyowapata wenyeji wa Amerika. Hofu hiyo ina historia nyuma yake, na historia hiyo ni ya binadamu kwa binadamu.

Riwaya inayonishawishi zaidi katika upande huu ni *Dawn* ya Octavia Butler, ya mwaka 1987, ingawa wapenzi wa manowari watalalamika kwamba haina hata vita vimoja. Binadamu wamejiangamiza kwa nyuklia. Viumbe waitwao Oankali wanawaokoa waliosalia, wanawaponya, wanaisafisha Dunia. Wanamwondolea shujaa, Lilith, saratani aliyokuwa nayo. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji kweli amepona. Bei yake ni kwamba watoto watakaozaliwa watakuwa mchanganyiko wa damu za pande zote mbili, na hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Je, huu ni uokozi au uvamizi? Wasomaji wamelijibu swali hilo kwa kupingana kabisa, na Butler, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyeijua vyema historia ya miili kuamuliwa na wengine, hakuwasaidia kuchagua.

Tatizo la kumaliza

Kwa kuwa adui ana nguvu zote hizo, kumshinda ni karibu haiwezekani, na hapo ndipo riwaya nyingi zinapovunjika mguu. Ama shujaa anapata udhaifu wa siri katika sura ya mwisho, ama kompyuta ya adui inakubali kirusi, ama adui anabadili moyo ghafla. Wasomaji huwa wepesi kusamehe mwanzo mbaya. Mwisho wa mkato hausamehewi.

Lawama kubwa ya aina hii imemwangukia Wells mwenyewe. Viumbe wa Mirihi waliowashinda binadamu wanakufa kwa bakteria, bila binadamu kufanya lolote, na kwa zaidi ya karne moja watu wamesema alijitoa kwenye shida kwa bahati nasibu. Lakini sentensi ya kwanza kabisa ya riwaya hiyo inasema kwamba wakati binadamu wakihangaika na shughuli zao walikuwa wakichunguzwa, labda kwa makini kama ya mtu mwenye hadubini anayewatazama viumbe wadogo wanaozaana katika tone la maji. Vijidudu viko pale, kabla ya chombo cha kwanza kutua. Wachunguzi waliotulinganisha na vijidudu wanauawa na vijidudu. Anayesema mwisho ule ni wa bahati nasibu airudie sentensi hiyo. Akiisoma na bado akaona mwandishi alikwepa, basi hukumu yake imesimama juu ya kitabu chenyewe, na ningependa kumsikiliza anavyoitetea.